Kwa nini kila namba anayochagua mtu inaishia 1089?

"Mwalimu, habari za kazi. Nina duka la rejareja Busia, Uganda, si mbali na mpaka. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, ananisaidia dukani. Hivi karibuni amejiunga na bwana mmoja anayeuza 'namba za uhakika' za kubeti mpira. Bwana huyo alikuja hadi dukani, akaweka mezani bahasha iliyofungwa, akasema ndani kuna namba aliyooneshwa kabla hatujaonana. Akaniambia niandike namba yoyote ya tarakimu tatu bila kumwonesha. Nikaandika 852. Akasema niigeuze, nitoe ndogo kwenye kubwa: 852 − 258 = 594. Kisha nigeuze hilo jibu na kujumlisha: 594 + 495 = 1089. Kufungua bahasha, 1089! Mdogo wangu akajaribu 961, ikatoka 1089. Jirani akajaribu 443, yeye akapata 198. Akaambiwa moyo wake una shaka, achague nyingine. Alipochagua nyingine, 1089. Bwana huyo anasema ni namba ya ukamilifu, kwa kuwa 1 + 0 + 8 + 9 ni 18, na 1 + 8 ni 9, na kwamba anayeijua siri yake anaona matokeo ya mechi kabla hazijachezwa. Mdogo wangu ameshamtumia shilingi 150,000 kwa simu, na nadhani amekopa. Mwanangu wa P6 (darasa la sita) naye siku hizi anashinda anaichezea namba hiyo daftarini. Je, kuna ukweli wowote? Nimkataze mtoto? Na mdogo wangu nimfanyeje?"

Dada yangu, huyo bwana hakutabiri kitu. Alilijua jibu kabla hujashika kalamu kwa sababu hatua alizokupitisha, kwa namba kama yako, haziwezi kutoa jibu lingine (ya jirani yako nitaifikia). Mimi pia naweza kukuandikia bahasha kama hiyo leo, nikaipakia kwenye basi la Busia, ukaiweka kabatini hadi Krismasi, na siku utakayoifungua itakuwa sahihi. Mwanao wa P6 naye anaweza.

Lakini sitasema hesabu yenyewe ni ya uongo, kwa maana ni ya kweli kabisa, na hapo ndipo wengi wanaponasa, hata waliosoma. Mtu anaikagua hesabu, anaikuta haina kasoro, basi anayameza na maneno yaliyofungwa pamoja nayo. Kwa hiyo tuvitenganishe vitu hivi viwili. Kwanza hesabu, kisha biashara ya huyo bwana.

Chukua karatasi. Namba 852 ina mamia 8, makumi 5 na mamoja 2. Ukiigeuza, 8 na 2 zinabadilishana nafasi, lakini 5 iliyo katikati haiendi popote. Ukitoa, makumi 5 yanakutana na makumi 5 na kufutana. Maana yake tarakimu yako ya katikati haikuwa na kazi yoyote tangu mwanzo. Jaribu 812 badala ya 852: 812 − 218 = 594. Jaribu 892: 892 − 298 = 594. Ulipokuwa ukiwaza uweke tarakimu gani katikati, ulikuwa unapoteza muda wako bure, na bwana yule alilijua hilo.

Zinabaki 8 na 2. Ile 8 ilikuwa na thamani ya 800, ikashuka ikawa 8 tu. Imepoteza 792, yaani 8 mara 99. Ile 2 ilikuwa 2 tu, ikapanda ikawa 200. Imeongeza 198, yaani 2 mara 99. Ukitoa moja kwenye nyingine, unabaki na 99 mara 6, kwa sababu 8 ukitoa 2 ni 6. Hiyo ndiyo 594 yako. Mdogo wako alichagua 961: 9 ukitoa 1 ni 8, na 99 mara 8 ni 792. Hesabu ya hatua ya kwanza ni hiyo tu, siku zote: 99 mara tofauti ya tarakimu ya kwanza na ya mwisho.

Sasa ona jinsi uhuru wako ulivyokwisha. Tofauti hiyo haiwezi kuzidi 9. Kwa hiyo ulianza na namba 900 za kuchagua, kuanzia 100 hadi 999, na baada ya kutoa mara moja tu ukabakiwa na majibu tisa: 99, 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792 na 891 (ukiacha sifuri, ambayo nitaifikia). Yaangalie majibu hayo kwa makini. Ukiiweka kando 99 kwa muda, kila moja lina 9 katikati, na tarakimu ya kwanza na ya mwisho zinajumlika kuwa 9: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5.

Hilo nalo lina sababu yake. 99 mara 6 ni sawa na 600 kutoa 6. Kutoa 6 kwenye 600 huwezi bila kukopa, kama ulivyofundishwa shuleni: mamia 6 yanabaki 5, makumi yanakuwa 9, na mamoja yanakuwa 10 kutoa 6, yaani 4. Weka tofauti yoyote badala ya 6 na mwendo ni uleule. Mamia yamepungua moja, mamoja ni kile kilichobaki kufikia kumi, na vikiwekwa pamoja lazima viwe 9. Sasa geuza na ujumlishe. Mamoja: 4 na 5 ni 9. Makumi: 9 na 9 ni 18. Mamia: 5 na 4 ni 9. Mia tisa, na mia moja themanini, na tisa. Elfu moja na themanini na tisa.

Hakuna hata tarakimu moja uliyochagua wewe iliyofika mwisho wa safari. Ya katikati ilifutwa kwenye kutoa, na zile za pembeni zikafutwa kwenye kujumlisha. Ni kama kinu cha posho: peleka mahindi ya shamba lako au ya jirani, yote yanatoka unga, na mwenye kinu hahitaji kuota ndoto ili akuambie utarudi nyumbani na unga.

Jirani yako mwenye 443 ndiye aliyenifurahisha kuliko wote katika barua yako, kwa sababu yeye ndiye aliyeifumania siri bila kujua. Tofauti ya 4 na 3 ni 1, basi 443 − 344 = 99. Ukiigeuza 99 unapata 99, na 99 + 99 ni 198. Dawa yake ni ndogo: jibu la kwanza liandikwe kwa tarakimu tatu, 099, ligeuzwe liwe 990, na 099 + 990 ni 1089 kama kawaida. Mtu anayeielewa hesabu hii angesema tu, "weka sifuri mbele". Huyu akasema moyo wa mtu una shaka. Ama hakuijua sababu, ama aliona ni rahisi zaidi kumbebesha mteja lawama. Vyovyote iwavyo, jirani yako hana tatizo la moyo. Ana 4 na 3 zilizokaribiana.

Namba zinazoanza na kuishia na tarakimu ileile, kama 343 au 707, hazifiki popote, kwa sababu ukizigeuza hazibadiliki na ukitoa unapata sifuri. Hizo ziko 90. Zile ambazo tarakimu ya kwanza na ya mwisho zinatofautiana kwa 1, kama 443, ziko 170. Zinabaki 640 zinazokwenda moja kwa moja hadi 1089 bila maelezo. Yaani watu wakichagua ovyo, kama saba katika kila kumi watashangaa papo hapo, na watatu watakwama na kuambiwa wana shaka. Kwa mtu anayezunguka sokoni na bahasha, hiyo ni faida nzuri. Tena aliyekwama akipewa nafasi ya pili huwa anafika, na wanaomtazama wanazidi kuamini.

Ukitaka kumpima, mwambie arudie mchezo huohuo kwa namba za tarakimu nne. Sheria ni zilezile, kugeuza, kutoa, kugeuza, kujumlisha. Chukua 4321: 4321 − 1234 = 3087, na 3087 + 7803 = 10890. Chukua 4231: 4231 − 1324 = 2907, na 2907 + 7092 = 9999. Chukua 5112: 5112 − 2115 = 2997, na 2997 + 7992 = 10989. Majibu matatu tofauti, kwa sababu sasa tarakimu mbili za katikati nazo zinabadilishana nafasi na zina la kusema. Bahasha moja haitatosha. Au umpime kwa njia fupi zaidi: aandike kwenye bahasha ile namba uliyoiwaza yenyewe, bila kukutuma utoe wala ujumlishe chochote.

Sasa hayo ya "ukamilifu". Ni kweli 1 + 0 + 8 + 9 ni 18, na 1 + 8 ni 9. Lakini kila namba inayogawanyika kwa 9 inafanya hivyo, kuanzia 27 hadi idadi ya magunia kwenye lori lolote litakalobahatika kugawanyika kwa 9. Na 1089 ni 9 mara 121. Sababu iko kwenye jinsi tunavyoandika namba: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1000 ni 999 na 1. Kila kumi, kila mia, kila elfu, ukiigawa kwa 9 inabaki 1. Kwa hiyo ukijumlisha tarakimu za namba unajumlisha mabaki yake, na kama namba inagawanyika kwa 9, jumla hiyo nayo itagawanyika kwa 9. Basi. Heshima yote ya 9 imetokana na kuwa ni jirani wa 10, na 10 tumeichagua kwa sababu ya vidole vyetu. Watu wangekuwa na vidole vinane na kuhesabu kwa manane, cheo hicho kingekuwa cha 7, na mchezo wa bahasha ungeishia kwenye namba ambayo wao wangeiandika 1067 na sisi tunaiita 567. Kama 1089 ingekuwa na siri za mbinguni, isingebadilika kwa kupungukiwa vidole viwili.

Kwa mwenye duka, hata hivyo, jambo hili la 9 lina kazi halisi. Mtu akikosea na kuandika 35,000 badala ya 53,000, kosa ni 18,000, ambalo linagawanyika kwa 9. Akibadilisha tarakimu mbili nafasi, popote pale kwenye namba, kosa litagawanyika kwa 9, kwa sababu zilezile za 99 tulizoziona juu. Kwa hiyo jioni ukikuta daftari na droo ya pesa vinapishana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, kabla ya kumshuku mtu tafuta kwanza tarakimu zilizopishana. Haina maana kwamba kila tofauti ya aina hiyo ni kosa la kuandika. Mwizi naye anaweza kuchukua 9,000. Ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu mwanao: tafadhali usimkataze. Mtoto wa P6 anayeichezea 1089 kwa hiari yake anafanya kutoa kwa kukopa, kuzidisha na vigawo, vitu vilevile vitakavyomngoja kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mpe tu mambo mengine ya kufanya nayo, kwa sababu namba hii ni nzuri kweli, na uzuri wake hauhitaji mganga.

Mwambie aandike vigawe vyake tisa vya kwanza, kimoja chini ya kingine: 1089, 2178, 3267, 4356, 5445, 6534, 7623, 8712, 9801. Asome safu ya kwanza kutoka juu kwenda chini: 1 hadi 9. Safu ya pili: 0 hadi 8. Ya tatu inashuka: 8 hadi 0. Ya nne inashuka pia: 9 hadi 1. Kisha aisome namba ya juu kabisa kinyumenyume, halafu atazame ya chini kabisa. 1089 ikigeuzwa ni 9801, na 9801 ni 1089 mara 9! Ya pili kutoka juu, 2178, ikigeuzwa ni 8712, ya pili kutoka chini, na ni 2178 mara 4. Orodha nzima inajitazama kama kwenye kioo, na 5445 imekaa katikati, haibadiliki hata ukiigeuza.

Kwa nini? Kwa sababu 1089 ni 1100 kutoa 11. Ukiizidisha kwa 3, kwa mfano, unapata 3300 kutoa 33, ambayo ni 3267. Tarakimu ya kwanza ni 3 yenyewe, ya pili ni 3 kutoa 1, ya tatu ni 9 kutoa 3, ya nne ni 10 kutoa 3. Badala ya 3 weka namba yoyote kati ya 1 na 9, kanuni haivunjiki. Sasa ukiizidisha 1089 kwa 7, ambayo ndiyo 10 kutoa 3, utapata tarakimu hizohizo kwa mpangilio wa kurudi nyuma: 7623. Ndiyo maana 1 inaenda na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, na 5 inabaki peke yake. Na ndiyo maana 9801 na 8712 tu ndizo zinazogawanyika kwa vivuli vyao: 9 inagawanyika kwa 1, 8 inagawanyika kwa 2, lakini 7 haigawanyiki kwa 3 wala 6 kwa 4. Hapo ndipo mimi hufurahi, kwa sababu kitu kilichoonekana kama bahati kinageuka kuwa jambo ambalo lisingeweza kuwa vinginevyo.

Si wote wanaofurahi nami. G. H. Hardy, mwanahisabati mkubwa wa Cambridge, yuleyule aliyempeleka mwanahisabati Ramanujan Uingereza kutoka India mwaka 1914, aliandika mwaka 1940 kwamba 8712 na 9801 ndizo namba pekee za tarakimu nne zinazogawanyika kwa namba zilizogeuzwa kutoka kwao (ukiacha zile ambazo hazibadiliki zikigeuzwa, na zile zinazoishia na sifuri). Alikubali kwamba ni kweli. Kisha akasema mambo ya namna hiyo yanafaa kurasa za mafumbo magazetini, wala hayamgusi mwanahisabati, kwa sababu hayaongozi kwenye kitu kikubwa zaidi. Ninamheshimu Hardy, lakini nadhani alikuwa na maringo kidogo. Ingiza 9 katikati ya 1089 uipate 10989, izidishe kwa 9: 98901. Ingiza nyingine: 109989 mara 9 ni 989901. Fanya hivyo kwa 2178: 21978 mara 4 ni 87912. Unaweza kuendelea hadi karatasi iishe. Mtoto akiuliza mbona 9 inakubali kuingia hapo na 8 haikubali, ameshaanza hisabati ya kweli, hata kama Hardy angekunja uso.

Mengine nayataja harakaharaka. 1089 ni 33 mara 33, yaani 3 × 3 × 11 × 11. 333 mara 333 ni 110889, na 3333 mara 3333 ni 11108889. Mwanao atabashiri inayofuata bila bahasha. Pia 65 mara 65, ukitoa 56 mara 56, unapata 1089, na 56 ni 65 iliyogeuzwa. Na ukigawa 1 kwa 1089 kwa mkono, bila kikokotoo, desimali zinatoka mbilimbili hivi: 00, 09, 18, 27, 36, 45, 54, 63, 72, 81, 91, kisha zinaanza upya. Jedwali lote la tisa limejipanga humo, isipokuwa 90 iliyopata moja ya ziada kutoka kwa jirani wa mbele yake.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalojua nani atafunga goli Jumamosi. 1089 inajitokeza kwa sababu hatua za hesabu hazina nafasi ya bahati. Mechi ya mpira imejaa bahati. Mtu anayekuonesha jambo la uhakika ili ununue jambo lisilo na uhakika anakuuzia daraja ambalo halipo.

Mdogo wako huenda akajibu: "Lakini alinipa mechi tatu na zote zikatoka." Inawezekana kabisa, na haihitaji uchawi. Chukua mtu mwenye wateja 810 kwenye simu yake. Mechi ya kwanza anawaambia 270 kwamba timu ya nyumbani itashinda, 270 kwamba watatoka sare, na 270 kwamba wageni watashinda. Matokeo yoyote yakitoka, 270 wameona ukweli. Hao anawagawa tena mara tatu: 90 wameona ukweli mara mbili. Awagawe tena: 30 wameona ukweli mara tatu mfululizo. Wale 780 wamekasirika na kumsahau, lakini hao 30 wako tayari kuuza simu zao. Sijui kama bwana huyu ndivyo anavyofanya. Ninachosema ni kwamba mechi tatu sahihi mfululizo hazithibitishi kitu, mpaka uone ujumbe aliowatumia wote.

Hata bila yeye, mahesabu ya kubeti yanamwelemea mchezaji. Tuseme kuna jambo lenye uwezekano sawa pande mbili, na kampuni inalipa mara 1.85 ukipatia. Kwa kila shilingi 10,000 unazoweka, kwa wastani zinarudi 9,250. Panga mambo matano ya aina hiyo kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja inayolipa yote yakitokea tu, na wastani wa kinachorudi unashuka hadi karibu 6,770. Mkeka mrefu unaonekana mtamu kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa chini yake, lakini kila mechi inayoongezwa inakata kipande kingine.

Sasa mdogo wako. Kwanza, ana miaka 22, na sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inawakataza walio chini ya miaka 25 kushiriki. Nalisema hili ili ujue kwamba anayepokea pesa zake za kubeti anavunja sheria. Usilitumie kama fimbo ya kumchapia kijana.

Usianze kwa kumwaibisha mbele ya wateja au wazee. Chagua saa ambayo mko wawili. Mpe bahasha yako wewe yenye 1089, apitie hatua zote, afungue. Kisha mwoneshe kwa nini, kwa 99 na kukopa kama nilivyoeleza. Halafu mpe 343, na umwangalie anavyofikiri. Kijana akiona mwenyewe jinsi mtambo ulivyoundwa, huwa hahitaji tena kuhubiriwa. Baada ya hapo ndipo muandike pamoja kwenye karatasi moja: pesa alizomtumia huyo bwana, alizoweka kwenye mikeka, zilizorudi, na anaodaiwa nao. Kwa sasa usimwachie droo ya duka peke yake, na umweleze wazi sababu. Ni kumpunguzia kishawishi.

Kama anakopa ili kurudisha alizopoteza, anachukua pesa za duka kwa siri, hali wala halali vizuri, au ameahidi kuacha mara kadhaa na kushindwa, hapo hesabu haitoshi, na mimi si mtu wa kumsaidia. Mpeleke akaonane ana kwa ana na mhudumu wa afya ya akili au mshauri nasaha. Anzia kituo cha afya kilicho karibu na uulize wanaweza kukuelekeza kwa nani. Hospitali ya Butabika, Kampala, ndiyo ya rufaa ya taifa kwa afya ya akili. Na akisema maneno ya kukata tamaa ya maisha, msisubiri kesho.

Kuhusu zile 150,000, nitakuwa mkweli: uwezekano wa kuziona tena ni mdogo. Lakini kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kwa hiyo msifute ujumbe wowote, hifadhini rekodi za pesa zilizotumwa kwa simu pamoja na namba iliyopokea, mwoneni mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa wenu), kisha mwende polisi mkiwa na huyo jirani kama shahidi wa bahasha. Msimfuate bwana huyo wenyewe. Na akipiga simu kusema kuna ada kidogo ya kulipa ili zile za kwanza zirudi, msimtumie hata shilingi.